Barua Isiyotoka Nyarugusu

Januari 1977, nikiwa kijana wa shule ya msingi, Redio Tanzania Dar es Salaam ilitangaza kwamba Waziri wa Mambo ya Ndani, Ali Hassan Mwinyi, amejiuzulu. Watu waliokamatwa Mwanza na Shinyanga walikuwa wamekufia mikononi mwa vyombo vya dola, naye akasema dhamana ni yake. Semina za uongozi hazichoki kumtaja kwa hilo. Mwaka 1985 akawa Rais, na alipofariki 2024 habari ya kujiuzulu kwake ilisimuliwa upya nchi nzima. Anastahili. Lakini katika wote niliowasikia wakiisimulia, sijampata aliyeuliza polisi walitumwa Usukumani 1976 kufanya nini. Walitumwa kwa sababu vikongwe walikuwa wanauawa.

Waziri anakumbukwa, nao waliokufa mahabusu wanakumbukwa kidogo kwa sababu yake. Akina mama walioanza kufa kabla ya wote hao hawamo kabisa katika simulizi. Simeon Mesaki wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, aliyelichunguza jambo hili kwa miaka mingi, aliandika kwamba kati ya 1970 na 1984 watu 3,693 waliuawa Tanzania Bara kwa kutuhumiwa uchawi, 2,286 kati yao wakiwa wanawake. Zaidi ya nusu ya vifo hivyo vilitokea huku kwetu Usukumani.

Mimi nilifika Didia, mkoani Shinyanga, mwaka 1986 kufundisha. Ni nchi ya udongo mweusi unaopasuka kiangazi na kunata masika, nchi ya pamba, mtama, na mpunga kwenye majaruba ya mbugani. Kijiji nilichokikuta kilikuwa cha Operesheni ya 1974 ya kuwakusanya watu vijijini. Wasukuma waliozoea kukaa mbalimbali, kila mji na ng'ombe zake, walikuwa wameletwa wakapangwa kwenye mistari, jirani asimjue jirani. Nyuma waliacha matongo, na kwenye matongo kulikuwa na ardhi nzuri ambayo haikuwa na mpaka wowote zaidi ya kumbukumbu za wazee. Mpunga ulipoanza kuleta fedha, jaruba ambalo zamani mtu aliligawa kwa soga likawa kitu cha kugombaniwa. Naitaja ardhi mapema kwa sababu wageni wakija kuuliza habari za vikongwe huanza na uchawi. Sisi tuliokuwepo tunaanza na jaruba.

Hapo Didia alikuwapo mama mmoja ambaye nitamwita Mayu, yaani mama kwa Kisukuma, kama tulivyomwita wote. Jina lake silitaji, wajukuu zake wapo. Mumewe alifariki 1984. Walimwita kikongwe, lakini nadhani hakuwa amefika hata miaka 60. Macho yake yalikuwa mekundu, na macho mekundu yalihesabiwa kuwa alama ya uchawi. Nani hakuwa na macho mekundu katika mama wa umri ule? Miti ya Shinyanga ilifyekwa tangu wakati wa mkoloni ili kuua mbung'o, iliyobaki ikaisha kwa kupanua mashamba ya pamba, mpaka mama zetu wakawa wanapikia mabua ya pamba na samadi kavu ndani ya nyumba zisizo na dirisha. Mwaka niliofika Didia ndio serikali ilianzisha mradi wa HASHI wa kurudisha miti na ngitili, yaani malisho ya akiba. Huwa najiambia kwamba wale mabwana miti, pasipo kujua, walikuwa wanawakinga mabibi pia.

Yaliyompata Mayu hayakuanza na panga. Yalianza na daftari la pamba. Msimu wa kwanza baada ya msiba, shemeji yake alimwambia haifai mjane kupanga foleni kwenye mizani katikati ya wanaume, yeye atampelekea. Akapeleka pamba, akapokea malipo, akamletea alichotaka kumletea. Msimu uliofuata akamkataza kuweka vibarua, kwa madai kwamba anatapanya mali ya marehemu. Kisha wake wa wana wa shemeji huyo wakakatazwa kuchota maji na Mayu. Mayu akawa anakwenda kisimani saa ambayo hakuna mtu, na kutoka hapo pakazaliwa neno lingine: mbona anakwenda kisimani peke yake? Utaona jinsi kamba ilivyosokotwa. Walimtenga, halafu upweke wake ukawa ushahidi dhidi yake.

Mwanawe wa pekee alikuwa Nyarugusu huko Geita, akichimba dhahabu kwa sururu na kamba kama vijana wengi wa wakati ule. Akibahatisha hutuma kitu, asipobahatisha hunyamaza mwaka mzima. Kwa hiyo aliyebaki na Mayu nyumbani alikuwa mjukuu wa kike wa darasa la tatu, mwanafunzi wetu pale shuleni.

Mwaka 1988 mtoto mchanga katika mji wa yule shemeji alifariki kwa homa. Wakaenda kwa mganga. Siku hizi viongozi wanaiita ramli chonganishi. Wakati ule ilikuwa ramli tu, na mganga hakulazimika kutaja jina. Ilimtosha kusema ni mama wa jirani, mweusi kidogo, hana mume, wenye kumsikiliza watamalizia wenyewe. Sheria ya Uchawi ya mwaka 1928 inamtia hatiani anayemtuhumu mwenzake hivyo, lakini sheria hiyohiyo ilimpa mkuu wa wilaya uwezo wa kumwamuru mtuhumiwa akaishi kwingine. Maana yake, hata dola ilipotaka kusaidia, anayefungasha virago ni yule anayetishwa.

Mwezi Agosti mjukuu akachukuliwa. Walisema anakwenda kumsaidia shangazi yake kulea. Darasani nikamwona analala, nikamuuliza siku hizi anakaa wapi, akanieleza. Sikuwa na akili ya kupima uzito wa jambo lile, hakuna aliyekuwa nayo. Sasa najua ndilo lililokuwa kubwa kuliko yote. Mama aliyekuwa na mtu wa kumsikia usiku hakuwa naye tena.

Wiki chache baadaye Mayu akaja nyumba za walimu asubuhi, kabla ya kengele. Nilimsalimu, "Mwangaluka, mayu," akaitikia upesi upesi kama mtu mwenye haraka ya furaha. Mkononi alikuwa na karatasi iliyokunjwa.

"Nisomee, mwalimu. Mwanangu kaandika."

Haikuwa na stempu wala bahasha. Hilo halikumshangaza, kwa kuwa barua za machimboni zilikuja mikononi mwa wasafiri na kusukumwa chini ya mlango. Ilikuwa karatasi ya daftari la shule, maandishi makubwa ya mtu aliyeficha mwandiko. Nilisoma kimya kwanza. Ilimtaka ahame kabla ya mvua, ama sivyo yatamkuta yaliyomkuta mama mmoja wa kijiji cha pili, ambaye alikuwa amekatwa mapanga mwaka uleule.

"Inasema uhame, mayu," nilimwambia.

Uso ukamng'aa. "Nimfuate Geita?"

"Haikutoka Geita."

Alikaa kwenye kizingiti. Nilitegemea aulize nani kaandika. Hakuuliza. Alisema tu, "Basi jaruba atalima yeye."

Walimu wenzangu, kwa nia njema kabisa, walimshauri aende kwa kaka yake upande wa Tinde siku hiyohiyo. Alikataa. "Nikihama leo, kesho watasema kumbe ni kweli." Nimeshasikia wasomi wakieleza mambo haya kwa kurasa nyingi bila kufika alipofika Mayu kwa sentensi moja. Kukimbia kungekuwa kukiri, na aliyekiri hana pa kujificha Usukumani. Neno lingemfuata hadi kwa kaka yake.

Jioni tukaenda kwa ntemi wa sungusungu.

Kwa msomaji asiyetoka kanda ya ziwa: sungusungu walianza upande wa Kahama na Shinyanga mwanzoni mwa miaka ya 1980, wakati wizi wa ng'ombe ulikuwa umewachosha watu. Wananchi walijipanga wenyewe, na ntemi wao, na katibu, na vijana wenye pinde. Mtu akiibiwa hupiga mwano, na mwano ukipigwa kila mwanamume anatoka, akibaki kitandani anatozwa. Sitawajengea sanamu. Sehemu nyingine sungusungu walewale waliwafukuza akina mama kwa kuwaita wachawi, na viboko vyao havikuwa na rufaa. Ninachoeleza ni nilichokiona Didia.

Ntemi wetu alikuwa mfugaji asiyejua kusoma, mtu mkali, mwenye wake wawili na maneno machache. Nilimsomea barua. Hakuuliza kama Mayu ni mchawi au si mchawi. Aliuliza ni nani anapokea fedha za pamba yake. Akauliza yule binti aliyekuwa analala kwake yuko wapi. Akauliza ni nani kaenda kwa mganga na alikwenda na nani. Halafu akanyamaza sana, akamwambia Mayu alale kwake usiku ule, kwa mke mkubwa.

Alfajiri mwano ukapigwa. Watu wakatoka mbio na pinde na fimbo wakidhani ng'ombe wameibiwa, wakakuta chini ya mwembe amekaa mama mmoja mwenye kanga iliyopauka. Kulikuwa na manung'uniko. Wako waliosema mwano ni wa ng'ombe. Ntemi aliwajibu kwamba kama ng'ombe wana mwano na mama hana, basi yeye hataki utemi.

Akamwita shemeji asimame. Yule bwana akaanza kuapa kuwa hajaandika barua yoyote. Ntemi akamkatiza: hakuna aliyeuliza nani kaandika. Akamwambia mbele ya kijiji kizima kwamba kuanzia asubuhi ile mama huyu yuko mikononi mwake. Akikatwa tutakuja kwako, akitumbukia kisimani tutakuja kwako, nyumba ikiungua tutakuja kwako. Faini itakuwa ng'ombe zako zote, na baada ya ng'ombe utatengwa: hupewi moto, hupewi maji, ukifiwa unazika mwenyewe. Binti arudi kwa bibi yake kabla ya jua kuzama. Daftari la pamba alete sasa hivi. Na msimu ujao mama atasimama kwenye mizani mwenyewe, atakayemcheka atanieleza kinachochekesha.

Daftari lililetwa. Binti alirudi jioni ile akiwa na kifurushi chake kichwani. Vijana wawili walilala barazani kwa Mayu mpaka mvua zilipochanganya, wakila ugali wake na kulalamika kwamba mchicha ni mwingi mno.

Mayu aliishi zaidi ya miaka 10 baada ya barua ile. Alikufa kwa ugonjwa, mwanawe akiwa amerudi kutoka Geita, na shemeji ndiye aliyesimamia kaburi lichimbwe vizuri. Ukimwambia mtu habari hii anataka kujua kama shemeji alitubu. Sijui, wala sioni kama ni muhimu. Alikuwa na ng'ombe zaidi ya 40 na alizipenda.

Ningependa kuishia hapa, lakini kuna binti mwingine.

Huyu alikuwa mwanafunzi wangu. Alimaliza darasa la saba akaolewa kata ya jirani akiwa na miaka 15, umri ambao Sheria ya Ndoa ya 1971 iliuruhusu kwa msichana. Rebeca Gyumi alikuja kuipinga ruhusa hiyo mahakamani na kushinda mwaka 2016, na Mahakama ya Rufani ikathibitisha 2019, kwa binti yetu ikiwa ni kuchelewa kwa zaidi ya miaka 20. Mumewe alikuwa mchimbaji Bulyanhulu. Agosti 1996 wachimbaji wadogo walipoondolewa kule, alirudi nyumbani. Watu husema ukosefu wa fedha ndio uliomharibu. Si kweli. Nilimfahamu kabla. Tangu akiwa machimboni alimwagiza mdogo wake ahesabu saa ambazo mkewe anakaa kliniki. Binti hakuruhusiwa kwenda mnadani, wala kwenda kwao bila wifi yake kumsindikiza, wala kushika hela ya chumvi. Aliporudi aliongeza mkono tu. Amri zilikuwepo zamani.

Binti alikimbilia kwa baba yake, akarudishwa. Si kwamba baba hakumpenda. Ng'ombe za mahari zilikuwa zimeshapita zizini zikaenda kumwoza kaka wa binti, na mkwe alisema mke akibaki basi ng'ombe zirudi. Baba angerudisha nini? Shangazi zake wakamwambia avumilie. Miaka mingi baadaye, utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015-16 ulipouliza, asilimia 58 ya wanawake walisema zipo sababu zinazomhalalishia mume kumpiga mkewe. Nilipoisoma namba ile niliwaona shangazi wale, wanawake wema, wamekaa kwenye mkeka.

Baraza la usuluhishi lilikaa. Sheria ya Ndoa inataka shauri la talaka lipite kwanza kwenye baraza kama hilo, na pia, katika kifungu cha 66, inasema wazi kwamba hakuna mwanandoa mwenye haki ya kumwadhibu mwenzake kwa kipigo. Kifungu cha baraza wazee walikijua. Cha 66 sikukisikia kikitajwa. Niliitwa kueleza tabia ya binti shuleni, nikaeleza, nikaongeza kwamba mkono wake wa kushoto haunyooki na kwamba mdogo wake mume anamfuata hadi kisimani. Mwenyekiti akanishukuru, akasema mambo ya kisimani ni ya ndani ya nyumba. Mume akatozwa mbuzi. Mbuzi akachinjwa, wazee wakala, binti akaambiwa apike vizuri. Mara ya pili ikawa hivyohivyo bila mbuzi. Mara ya tatu, mwanzoni mwa 1997, binti aliomba kitu kimoja tu: asilale kule usiku ule. Wakamwambia suluhu haiwi suluhu kama mke analala kwingine.

Alikufa kabla mpunga haujavunwa. Mume alikimbilia machimboni, na kwa ninavyojua hakupatikana.

Nimekaa na kifo kile na uzima ule wa Mayu kwa miaka mingi, na nina hukumu yangu. Wazee wa baraza lile hawakuwa wabaya kuliko ntemi wetu, na wengine walikuwa wapole kumzidi. Walichokosea ni kuichukulia hatari kama ugomvi. Ugomvi una pande mbili na unapatanishwa. Lakini pale mmoja anashika fedha, anashika mlango, anachagua nani aongee na mwenzake, hapo hakuna pande mbili. Kumpatanisha mtu wa namna hiyo ni kumrudishia funguo. Ntemi hakupatanisha kitu. Alimtafuta mwenye kunufaika na kifo, akamtaja hadharani kabla kifo hakijatokea, akamfunga kwa kile anachokithamini. Na Mayu hakuhamishwa hatua moja.

Mila yenyewe ilikuwa imeandikwa kwa upande wa shemeji. Tangazo la Sheria za Mila la 1963 linasema mjane hana fungu katika urithi ikiwa marehemu ameacha ndugu wa ukoo, fungu lake ni kutunzwa na watoto wake. Wajane wawili wa Kisukuma, washona nguo wa Shinyanga hapa, walitolewa kwenye nyumba zao kwa mila hiyo baada ya waume kufariki, wakaenda Mahakama Kuu. Mwaka 2006 mahakama ilikubali kwamba mila hiyo ina ubaguzi, lakini ikakataa kuitengua. Rufaa yao ilitupwa 2010 kwa kasoro ya nyaraka. Hawakukata tamaa. Mwaka 2015 kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake ilisema Tanzania imekiuka haki zao, ikaitaka ifidie na ibadili sheria. Nilikuwa bado nafundisha. Nilimweleza mwalimu mwenzangu, akaniambia hao angalau walitolewa wakiwa hai.

Siku hizi mambo si yaleyale. Yapo Madawati ya Jinsia na Watoto kwenye vituo vya polisi, na tangu 2017 upo mpango wa taifa wa kupambana na ukatili, MTAKUWWA, wenye kamati hadi vijijini. Hata hivyo bado nasoma magazetini habari kama ile ya Mwanza, Mei 2022, ya mume aliyempiga mkewe risasi kisha akajiua, na bado nasikia kwenye vitongoji sentensi ileile kwamba hayo ni ya ndani. Kituo cha polisi kiko mbali, nauli ya bodaboda anayo mume, na mwenyekiti wa kitongoji ndiye anayefikiwa kwa miguu usiku.

Kwa hiyo nakuomba wewe mwenyekiti, wewe mjumbe wa baraza, wewe mzee wa ukoo unayeletewa mashauri haya. Kabla hujauliza nani kamtukana nani, uliza fedha anashika nani, na ni nani ameondolewa karibu na mama huyu mwaka huu. Usimruhusu yeyote kutoka kwenye kikao kabla haijaandikwa atalala wapi usiku huo na nani atakuwa naye. Andika jina la anayetishia kwenye muhtasari, mbele yake, asaini. Nakala ifike Dawati la Jinsia siku hiyohiyo, na nauli ya kuifikisha itoke kwa aliyetishia.